Kidonda Kidogo cha Mguu wa Punda

Wanachama wenzetu, msimu wa karafuu ukifika kila mmoja wetu hushughulika na wachumaji, majamvi na magunia. Punda anayevuta gari la magunia hayo hakumbukwi mpaka siku anapochechemea.

Sisi tulikosa namna hiyo. Punda wetu alikanyaga msumari. Tukauchomoa, tukatia majivu, na kesho yake tukamfunga garini. Siku ya kumi masikio yalimsimama, mkia ukakakamaa, taya zikakaza hata maji hakuweza kunywa. Ilikuwa pepopunda. Tulimzika shambani. Jina la maradhi hayo lenyewe latuonya, wala hatukusikia.

Vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni na katika mavi ya wanyama. Hustawi katika tundu lililozama lisilopata hewa. Kwa hiyo tundu dogo la msumari laweza kuwa na hatari kuliko mchubuko mpana. Chanjo ipo, na yafaa kumwuliza daktari wa mifugo kabla ya msimu kuanza.

Punda akijikata mguu, kwanza mfungue garini umtulize. Ikiwa damu yatoka, kandamiza kitambaa safi bila ya kukiinua kila mara kuchungulia. Damu ikikatika, chemsha maji, tia vijiko viwili vya chai vya chumvi katika kila lita moja, yaache yapoe, kisha osha kidonda mpaka mchanga wote utoke. Punguza manyoya ya pembeni. Funika kwa kitambaa safi, weka pamba juu yake, na funga bila ya kukaza mno. Fungua kila siku utazame.

Usitie majivu, mavi, wala mafuta ya gari. Hata mafuta yetu ya karafuu, ijapokuwa ni dawa ya jino, huunguza nyama iliyo wazi.

Mguu ukivimba bila ya kidonda, umwagie maji baridi kwa muda wa dakika 15 au 20, mara tatu au nne kwa siku, katika siku mbili za mwanzo. Mpumzishe mpaka atembee sawasawa.

Mwite daktari upesi ikiwa kidonda kiko karibu na kiungo, kikitoka maji ya manjano yenye kunata, ikiwa kitu kimechoma ukwato, au ikiwa mnyama hawezi kuukanyagia mguu. Kadhalika kidonda cha chini ya goti kikiota nyama inayopita ngozi, au kikiingia mafunza, usikiache. Na jueni kuwa punda huficha maumivu yake. Akiacha kula, msingoje kesho.

Mwisho, tuitazame kamba. Vidonda vingi vya miguu twavifanya wenyewe kwa kumfunga mnyama mguuni kwa kamba nyembamba. Afadhali avae hatamu, na kila jioni tumpitishie mkono miguu yote minne na kumwinua kwato. Kazi hiyo haizidi dakika tano.

Wahenga walisema fadhila ya punda ni mateke. Sisi wenye mashamba twajua kuwa fadhila yake nyingine ni magunia yaliyofika salama. Tumlipe kwa maji ya chumvi na kitambaa safi.