Kabla ya kununua printa ya rangi, piga hesabu ya wino

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, mwenye hoteli ya samaki mjini Kendu Bay, au kinyozi aliyefungua kibanda kando ya barabara iendayo Homa Bay, anajua fika kuwa hata chema hakinunuliwi iwapo wateja hawana habari nacho. Hapo ndipo vipeperushi, kadi za biashara na orodha za bei zinapohitajika, na ndipo swali linapozuka: je, ni afadhali kununua printa ya rangi au kupeleka kazi kwa mpiga chapa Kisumu?

Wazo la kujichapishia si geni katika eneo hili. Wamishonari wa Kiadventista, wakiongozwa na Arthur Carscallen kutoka Kanada, walianzisha kituo chao Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka wa 1906. Miaka michache baadaye walikuwa na mtambo mdogo wa chapa, uliotumika kutoa gazeti na vitabu vya lugha ya Dholuo. Walihitaji maandishi ambayo hayangepatikana kwingineko, na waliyahitaji mara kwa mara.

Kipimo hicho kingali kinafaa. Printa ya dukani humfaa mfanyabiashara anayehitaji nakala chache zinazobadilika kila mara: bei ya omena iliyopanda juma hili, chakula cha leo, au tangazo la mtindo mpya wa nywele. Anayehitaji nakala elfu kadhaa za tangazo lile lile hana budi kutafakari upya.

Kosa linalowagharimu wengi ni kutazama bei ya mashine na kusahau bei ya wino. Idadi ya kurasa inayotajwa kwenye pakiti ya katriji kwa kawaida huhesabiwa kwa ukurasa ambao kila rangi imefunika takriban asilimia 5 tu. Huo ni ukurasa wenye maandishi na mapambo kidogo. Kipeperushi chenye picha ya samaki aliyekaangwa na mandhari ya ziwa hutumia wino mara nyingi zaidi.

Tuchukue mfano. Tuseme seti ya katriji inauzwa Sh4,000 na inadaiwa kutoa kurasa 400. Kwa haraka, utasema kila ukurasa ni Sh10. Lakini kipeperushi chako kikifunikwa asilimia 25 kwa kila rangi, utapata kurasa 80 pekee, na kila moja itakugharimu Sh50 kabla ya kuhesabu karatasi na umeme. Ukipanga vipeperushi vinne kwenye karatasi moja ya A4 kisha ukavikata, gharama hushuka hadi Sh12.50 kwa kimoja. Vipeperushi 200 vitakula wino wa Sh2,500. Vipeperushi 2,000 vitakula wino wa Sh25,000, na hicho ni kiasi kinachoweza kumeza mtaji wa kibanda kizima.

Kwa mpiga chapa mwenye mtambo mkubwa, hesabu hugeuka. Gharama kubwa huwa mwanzoni, kwa sababu lazima atengeneze bamba moja kwa kila rangi kati ya nne na kuandaa mtambo. Baada ya hapo, kila nakala ya ziada huongeza gharama kidogo sana. Kwa hivyo, nakala 100 kwake ni ghali, ilhali nakala 5,000 ni nafuu.

Ukiamua kununua mashine, kuna aina mbili kuu. Printa ya wino hutoa picha nzuri, na zile zenye matangi ya kujazwa hupunguza sana gharama ya kila ukurasa ingawa bei yake ya kununulia huwa juu. Udhaifu wake ni kwamba ikikaa bila kazi, wino hukauka katika vitundu vyake. Chapisha angalau ukurasa mmoja wa rangi kila wiki. Aidha, aina nyingi za wino huchujuka zikiguswa na maji, jambo la kuzingatiwa na muuza samaki ambaye mikono yake haikauki.

Printa ya leza hutumia unga uitwao tona, ambao huyeyushwa na joto hadi ukashika karatasi. Haikauki na chapa yake hustahimili maji. Hata hivyo, huvuta umeme mwingi inapopata moto, hivyo usiiunganishe na betri ndogo ya dharura ya kompyuta. Kadhalika, usiitie karatasi ya picha iliyotengenezewa printa ya wino, kwani huenda utando wake ukayeyuka ndani na kuiharibu mashine.

Usishangae rangi zikitofautiana na zile ulizoziona kwenye kompyuta. Kioo huchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, ilhali printa huchanganya wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi. Kijani kinachong'aa kwenye kioo kinaweza kufifia karatasini. Toa nakala moja ya majaribio, na umpe mtu mwingine aisome nambari ya simu kabla ya kuchapisha zilizosalia.

Mwisho, kumbuka kuwa Katiba ya 2010 inazipa serikali za kaunti mamlaka ya kudhibiti matangazo ya nje. Kabla ya kubandika mabango ukutani au kwenye nguzo, ulizia katika afisi za kaunti kuhusu kibali na ada.

Kwa jumla, andika kwanza idadi ya nakala ulizohitaji katika miezi mitatu iliyopita, na mara ngapi zilibadilika. Zikiwa chache na zenye kubadilika, nunua printa. Zikiwa nyingi na za aina moja, panda matatu uende Kisumu.