Nani amgharimie mwakilishi wa watumiaji wa intaneti?

Kila anayefungua tovuti au kutuma barua pepe hutegemea mpangilio mmoja wa majina ya anwani, yale yanayoishia kwa .com, .org, .ke au .tz. Mpangilio huo unaratibiwa na ICANN, shirika lisilo la kibiashara lililoundwa mwaka 1998 katika jimbo la California, nchini Marekani.

Katika mikutano ya shirika hilo, serikali hutuma maofisa wake, na makampuni hutuma wanasheria na wafanyakazi wanaolipwa mishahara. Mtumiaji wa kawaida hana mwajiri wa kumtuma. Waswahili husema, asiyekuwepo na lake halipo. Ndiyo maana suala la nani amgharimie mwakilishi wake limezua mjadala tangu siku za mwanzo za shirika hilo.

Uchaguzi wa mwaka 2000

Awali ilikusudiwa kwamba watumiaji wenyewe wachague wajumbe 9 wa bodi, idadi inayokaribia nusu ya bodi nzima. Mwaka 2000 walichaguliwa 5, mmoja kwa kila kanda ya dunia, kwa kura zilizopigwa kupitia intaneti. Ruzuku ya wakfu wa Kimarekani, Markle Foundation, ilisaidia kugharimia maandalizi.

Jumla ya kura zilizopigwa ilikuwa 34,035. Kanda ya Asia na Pasifiki ilipiga kura 17,745 na Ulaya 11,309. Bara zima la Afrika lilipiga kura 130 tu, na Nii Quaynor wa Ghana akachaguliwa kuliwakilisha.

Wapinzani wa utaratibu huo walidai kuwa uchaguzi wa dunia nzima una gharama kubwa, na kwamba makundi machache yenye uwezo wa kuhamasisha wapiga kura yangeweza kuuteka. Watetezi wake waliona kuwa kuufuta ni kumnyang'anya mtumiaji sauti aliyokwisha kuahidiwa. Katika mageuzi ya mwaka 2002, uchaguzi wa moja kwa moja ulifutwa.

Kamati ya ushauri

Mahali pake iliwekwa kamati ya ushauri ya watumiaji, ijulikanayo kwa kifupi kama ALAC. Ina wajumbe 15: 10 kutoka kanda tano za dunia, wawili kwa kila kanda, na 5 wanaoteuliwa na kamati ya uteuzi. Jumuiya ya kanda ya Afrika, AFRALO, iliundwa mwaka 2007. Tangu mwaka 2010, watumiaji wana pia mjumbe mmoja mwenye kura katika bodi.

Wajumbe wa kamati hawalipwi mshahara. ICANN huwalipia nauli na malazi wanapohudhuria mikutano, na hugharimia wakalimani na watumishi wa ofisi. Hata hivyo, kazi kubwa ya kusoma na kujibu nyaraka nzito hufanywa kwa kujitolea, na Kiswahili si miongoni mwa lugha sita za Umoja wa Mataifa ambazo shirika hilo hutumia katika tafsiri zake.

Fedha zinatoka wapi?

Sehemu kubwa ya mapato ya ICANN hutokana na ada za majina ya anwani. Kwa miaka mingi kampuni zinazosajili majina zilitozwa senti 18 za dola kwa kila jina kwa mwaka, kiwango kilichopandishwa mwaka 2025. Wenye orodha kuu za majina hayo nao hulipa ada yao. Mwishowe gharama hizo humfikia mnunuzi wa jina.

Kwa hiyo nauli ya mwakilishi si sadaka. Inatokana na fedha zilizoanzia mfukoni mwa watumiaji. Ugumu ni kwamba bajeti hupitishwa na bodi ileile ambayo mwakilishi anatarajiwa kuikosoa. Baadhi ya wachambuzi wanaona afadhali litengwe fungu maalumu la ada, lisiloweza kupunguzwa kwa sababu ya ushauri usiopendeza. Michango ya wafadhili wa nje nayo ina kasoro yake, kwani mfadhili huweza kuondoka wakati wowote.

Gharama ya kutokuwepo

Umuhimu wa jambo hili ulionekana mwaka 2019. Mwaka huo kikomo cha bei ya majina ya .org, yanayotumiwa sana na asasi za hiari, kiliondolewa. Miezi michache baadaye ilitangazwa kuwa shirika linaloyasimamia majina hayo lingeuzwa kwa kampuni ya uwekezaji, Ethos Capital, kwa zaidi ya dola bilioni moja. Asasi nyingi zilipinga, na Aprili 2020 bodi ya ICANN ilikataa kuidhinisha mauzo hayo.

Asasi hizo zilikuwa na uwezo wa kupaza sauti. Chama cha wakulima au shule ya kijijini yenye tovuti yake haina mwanasheria wa kufuatilia mambo hayo. ICANN imewahi kukutana Nairobi mwaka 2010 na Kigali mwaka 2024, karibu na watumiaji wa Afrika Mashariki. Lakini mikutano mingi hufanyika mbali, na hapo ndipo nauli ya mtu mmoja inapoamua iwapo maelfu watasikika au la.