Visu Vitatu Vinatosha Jikoni

Jiko la nyumbani linahitaji visu vitatu: kikubwa cha kazi zote, kidogo cha kumenyea, na cha meno kwa ajili ya mkate. Seti za visu sita au zaidi zinazouzwa pamoja na kiweko chake cha mbao huonekana nafuu mpaka bei igawanywe kwa idadi. Hapo hubainika kwamba kila kisu kimetengenezwa kwa fedha kidogo mno, na nusu ya visu hivyo huishia kukaa kiwekoni. Anayebana matumizi anafaa kununua kimoja kimoja, na sehemu kubwa ya fedha yake aiweke kwenye kisu kikubwa.

Kisu hicho huwa na bapa la urefu wa sentimita 18 hadi 20, pana kiasi upande wa mpini ili vidole visigonge kibao. Ndicho kinachokata vitunguu, kabichi, sukuma wiki na nyama isiyo na mfupa. Mfupa wenyewe ni kazi ya panga au shoka la buchani, kwani makali membamba humeguka. Kisu kidogo, cha sentimita 8 hadi 10, humenya viazi na kutoa macho ya nanasi. Lakini katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki kibao hakitumiki kila siku: kitunguu hukatiwa mkononi juu ya sufuria, na mchicha hushikwa fungu ukakatwa vivyo hivyo. Kwa mpishi wa namna hiyo kisu kidogo ndicho chenye kazi nyingi, basi atafute chepesi, chenye mpini usioteleza mkono ukiwa na maji.

Ubora wa kisu hutokana na chuma chake. Chuma kisichoshika kutu, ambacho Harry Brearley alikitengeneza Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, huwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Kinafaa kwa jiko lenye unyevu, hasa pwani. Kile chenye kaboni nyingi bila kromiamu hunoleka upesi na kuwa kikali sana, ila huingia kutu kikiachwa na maji, na ndimu au ukwaju hukiachia madoa meusi. Wahunzi wa mitaani huvitengeneza visu vya aina hii kwa springi za magari makuukuu. Kisu cha mhunzi hodari hakina aibu mbele ya cha dukani, mradi mwenyewe yuko tayari kukifuta kila baada ya kazi.

Neno lililochapwa kwenye bapa halithibitishi kitu. Mengi huchapwa tu. Kinachokaguliwa ni msuka, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Ukipita mpini mzima, kisu ni imara. Ukiwa mfupi na kushikwa kwa gundi, ipo siku bapa litang'oka katikati ya kazi. Mgongo wa kisu utazamwe kwa jicho moja kuanzia mpini hadi ncha ili kuona kama umepinda. Pasiwe na mwanya kati ya chuma na mpini, maana hapo ndipo uchafu hujificha. Mpini wa plastiki haudharauliwi: kampuni ya Uswisi ya Victorinox huuza visu vya namna hiyo, na mabucha wengi wanavitumia.

Fedha inayobaki iende kwenye kinoo, kwa kuwa kisu cha bei ndogo kilichonolewa hukishinda cha bei kubwa kilicho butu. Kisu butu pia ni cha hatari zaidi, kwa sababu hulazimisha mkono kukandamiza, kisha huteleza kwenye ganda la nyanya na kuangukia kidole. Wakati wa kunoa, kisu hulazwa kwa mwinamo wa nyuzi 15 hadi 20 kila upande. Asiye na kinoo anaweza kutumia ule mviringo mkavu, usio na rangi, ulio chini ya kikombe cha udongo. Mnoaji wa baiskeli apitaye mtaani husaidia, lakini makali yakigeuka ya buluu kwenye gurudumu lake, chuma kimeungua na ugumu umepotea.

Kukatia kwenye sahani, kioo au sakafu ya saruji huua makali upesi. Kibao cha mbao au cha plastiki huyalinda. Kisu kioshwe na kukaushwa mara moja, kisilowekwe kwenye beseni.

Kisu cha mkate kinaweza kuwa cha bei ya chini kabisa, kwani meno yake ni vigumu kunolewa nyumbani na mwishowe hubadilishwa tu. Fedha isipotosha kwa vyote vitatu, kinunuliwe kikubwa pamoja na kinoo, na cha mkate kije mwisho. Boflo hukatika hata kwa kisu kikubwa kikiwa kikali.