Nani Hupanga Chakula cha Shule?

Watoto wetu wanaosoma shule za bweni huko Kabras, Kaunti ya Kakamega, huja likizo na lalamiko moja: pure jana, pure leo, na kesho pure. Nasi huwajibu, "Subirini, wanangu." Neno hilo ni jema, lakini halitoshi. Mwanafunzi anastahiki kufahamu chakula chake hupangwaje.

Na aanze kwa hesabu. Shule yenye wanafunzi 600, kila mmoja akipata gramu 200 za unga kwa sima ya siku, hutumia kilo 120, yaani zaidi ya gunia moja la kilo 90. Kwa siku 90 za muhula, hayo ni magunia 120, kabla ya kuhesabu maharagwe, sukuma wiki, mafuta, chumvi na kuni. Yote hayo hutoka katika karo, na karo yenyewe mara nyingi huchelewa.

Kisha aitazame ardhi. Kabras ni nchi ya miwa, na muwa hukaa shambani zaidi ya mwaka. Shamba lililopandwa miwa halitoi mahindi, basi huenda gunia likatoka Lugari au Trans Nzoia, na bei yake hupanda na kushuka kwa msimu. Mahindi na maharagwe hupendwa na wapangaji kwa sababu hukaa ghalani; samaki hakai.

Hata hivyo, urahisi wa bei si kila kitu. Mwaka 2004, sumukuvu katika mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Anayepokea gunia bichi kwa kuwa ni rahisi amekhini amana.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeweka bodi ya usimamizi katika shule za umma, wakiwamo wazazi, walimu na mwakilishi wa baraza la wanafunzi. Huo ndio mlango wa kupitia. Mtoto aliyezoezwa kuuliza kwa adabu, zabuni imetolewa vipi na mizani inasema nini, hatafuti kiberiti wala jiwe akikasirika. Dini yetu ina sura nzima iitwayo Ash-Shura. Mashauriano si jambo geni kwetu.

Kwa Waislamu lipo la ziada: nani amechinja nyama, na daku ya Ramadhani itapikwa saa ngapi? Hayo yasisubiri mwezi kuandama. Nchi ile si ngeni kwa Uislamu; Mumias, katika kaunti hiyo hiyo, iliupokea kupitia wafanyabiashara wa Pwani zama za Nabongo Mumia. Tukiomba mapema na kwa hekima, tutasikilizwa.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Basi, mzazi, uendapo mkutanoni shuleni, usiulize alama peke yake. Omba uonyeshwe ghala, jiko na daftari la matumizi, na mwanao awe kando yako akijifunza.