Fomu ya Zamani Isichanwe

Ninyi mlioketi darasani Maisaka, mjini Babati, na ninyi mnaosikiliza kwingineko, fungueni madaftari. Leo tutajifunza jinsi programu za simu zinavyopelekeana habari na kiini cha simu.

Tuanze na mfano. Mkulima wa Maisaka anapeleka mbaazi ghalani. Fomu yake ina mistari mitatu: jina, mtaa, na idadi ya magunia. Siku moja karani anapewa fomu mpya. Sasa mstari wa tatu ni namba ya simu, na magunia yamesogezwa mstari wa nne. Mkulima analeta fomu ya zamani, ameandika magunia 8. Karani anayehesabu mistari tu atasoma nini? Atasoma kwamba simu ya mkulima ni 8, na magunia hakuna. Jasho la mwaka mzima limepotea, wala hakuna aliyeiba.

Ndani ya simu mna jambo kama hilo. Kiini ndicho kinachotunza saa, kumbukumbu na vyombo vyote. Programu ikitaka kitu, hukipelekea kiini fomu ya namba zilizopangwa kwa safu. Kiini hakisomi majina. Huhesabu nafasi tu.

Simu za Android hutumia kiini kiitwacho Linux, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland. Kiini hicho hurekebishwa kila mara, lakini watengenezaji wake wana kanuni: programu iliyokuwa ikifanya kazi isiharibiwe na kiini kipya. Huitimizaje? Sikilizeni njia mbili.

Kwanza, nafasi mpya huongezwa mwisho wa fomu, si katikati, na programu hutaja urefu wa fomu yake. Fomu ikiwa fupi, kiini huzihesabu nafasi zilizokosekana kuwa sifuri. Ikiwa ndefu kuliko kinavyoijua, hutazama nafasi za ziada. Zikiwa sifuri tupu, huipokea. Zikiwa na neno lisilojulikana, huikataa waziwazi. Kukataa waziwazi ni bora kuliko kubahatisha.

Pili, nafasi yenyewe ikiwa ndogo mno, hutolewa fomu mpya yenye namba yake, na ile ya zamani huendelea kupokelewa. Mfano ni saa. Linux huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Katika mashine ziitwazo za biti 32, nafasi ya zamani inatosha sekunde 2,147,483,647 tu. Itajaa tarehe 19 Januari 2038. Hapa Babati itakuwa saa 12 na dakika 14 asubuhi. Baada ya hapo, programu inayotumia nafasi hiyo itadhani ni Desemba 1901! Kwa hiyo mwaka 2020, Linux toleo la 5.6 lilikamilisha fomu mpya za saa, zenye nafasi pana.

Lakini angalieni: fomu mpya haimsaidii asiyeijaza. Programu nayo lazima itengenezwe upya ili iitumie. Ndiyo sababu kazi hiyo ilianza mapema.

Sasa zungumzeni darasani:

1. Kwa nini nafasi mpya isiingizwe katikati ya fomu?
2. Kiini hufanya nini kikipokea fomu fupi?
3. Je, karani wa ghala angefanya nini ili mkulima asipoteze magunia yake?

Kwa herini, mpaka somo lijalo.