Vijana Wetu na Kuandika Nukuu

Wanafunzi wa skuli hupewa na walimu wao kazi ya kutafiti: habari za mji, za msikiti wa kale, za maradhi fulani, za kilimo cha karafuu. Mzazi humwona mwanawe ameinamia daftari tangu alasiri hata isha, akamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kumruzuku mtoto mwenye bidii. Walakini mzazi huyo akilishika lile daftari na kuuliza, "Maana ya maneno haya ni nini?" mara nyingi hapati jawabu. Kurasa sita zimenakiliwa neno kwa neno, na aliyezinakili hajui alichokiandika. Na siku hizi hata kunakili kumewachosha; kijana huupiga picha ukurasa kwa simu, kisha husema kuwa amekwisha kuandika nukuu.

Sisi hatulioni jambo hili kuwa dogo. Kijana aliyezoea kuchukua maneno ya watu bila ya kuyafahamu, wala kumtaja aliyeyasema, kesho ndiye mwalimu, ndiye kadhi, ndiye mwandishi wa magazeti. Atatupa habari zisizo na asili, nasi tutazipokea.

Na ajabu ni kwamba sisi Waislamu ndio tuliostahili kuwa mbele katika kazi hii. Abdallah bin Amr bin Al-Aas alikuwa akiyaandika aliyoyasikia kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, na karatasi zake akaziita As-Sahifa As-Sadika. Hammam bin Munabbih, mwanafunzi wa Abu Huraira, alikusanya Hadithi 138 alizozipokea kwa mwalimu wake. Mwanachuoni Muhammad Hamidullah alizitoa chapani mwaka 1953 kutokana na nakala za mkono zilizohifadhiwa Damascus na Berlin. Wasomaji wakazilinganisha na zile zilizomo katika Musnad wa Imamu Ahmad, uliokusanywa zaidi ya miaka mia baadaye, wakaona jinsi zinavyoafikiana. Wakubwa hao hawakutosheka na maneno matupu. Kila habari waliiandika pamoja na mwenye kuisema, na yeye aliisikia kwa nani. Nukuu ya namna hiyo ndiyo tunayowatakia watoto wetu.

Na tuchukue mfano ulio karibu. Mwanafunzi wa Unguja ameambiwa aandike habari za msikiti wa Kizimkazi Dimbani. Kitabu cha kwanza atakachokifungua huenda kikamwambia kuwa msikiti ulijengwa mwaka 1107. Mwenye kunakili ataandika hivyo na kwenda zake. Ama aliyefunzwa atauliza: hayo yamejulikanaje? Ataona kuwa yamejulikana kwa maandishi ya Kikufi yaliyochongwa upande wa kibla, yenye tarehe ya mwezi wa Dhulkaada, mwaka 500 Hijria. Akizidi kusoma atakuta kuwa jengo lenyewe lilijengwa upya katika karne ya 18. Basi hapo ana mambo mawili, na kila moja lataka karatasi yake: moja ni lile lisemwalo na jiwe, na la pili ni lile walilolifahamu wanahistoria kutokana na jiwe. Akiyachanganya atawaambia wenzake kuwa kuta zote wazionazo leo zina umri wa miaka mia tisa, na hilo si kweli.

Tena aiandike tarehe kama alivyoikuta, kabla ya kuigeuza. Tumewaona vijana wakichukua 500 wakaongeza 622, wakapata 1122, wakafurahi. Wamesahau kuwa mwaka wetu wa mwezi hupungua siku kama 11 kwa mwaka wa jua, na upungufu huo katika miaka 500 hufika miaka 15. Lau wangaliiacha ile 500 katika daftari, mwalimu angeliweza kuliona kosa lilipoingia.

Hapa pana neno ambalo baadhi ya walimu wenzetu wa vyuoni huenda wasilipende. Mtoto hufunzwa chuoni kuwa neno la Kurani halibadilishwi hata herufi, na hiyo ni haki. Lakini huichukua heshima hiyo akaipeleka hata kwa kitabu cha jiografia, akaogopa kuligusa neno la mwandishi. Kitabu cha jiografia si Kurani. Na akisome kifungu kizima, akifunge, aandike alichokifahamu kwa maneno yake, kisha akifungue ajisahihishe. Akipenda kuchukua maneno yenyewe, ayatie ndani ya alama za kunukuu. Na rai yake mwenyewe aiandikie jina lake pembeni, isije ikadhaniwa kuwa ni ya kitabu. Mwalimu mwenye kupima kazi kwa wingi wa kurasa ndiye anayemfunza mtoto kunakili, na wazazi wana haki ya kumwambia hivyo kwa adabu.

Simu hatuikatazi. Lakini picha na iandikiwe siku ile ile kitabu gani, cha nani, ukurasa wa ngapi. Picha mia zikikaa mwezi mzima ndani ya simu, hata mwenyewe hajui tena zimetoka wapi.

Na wako wazee, ambao ni vitabu visivyopigwa chapa. Kijana akienda kwa mzee amwamkie, akae, amweleze shida yake, na aombe ruhusa kabla ya kutoa kalamu, maana wako wasiopenda maneno yao yaandikwe. Akiruhusiwa, aandike jina la mzee, umri wake, siku waliyozungumza, na kama jambo lile aliliona kwa macho yake au alihadithiwa, na aliyemhadithia ni nani. Kisha amsomee aliyoyaandika, ili mzee apate kusema, "Sivyo nilivyosema," angali yuko hai.