Roboti ikikataa kusonga, chunguza nyaya kabla ya kulaumu programu

ROBOTI ndogo ya magurudumu inapokataa kusonga, au inapozunguka pale pale bila kwenda mbele, wengi hukimbilia kulaumu programu iliyoandikwa kwenye kompyuta. Hata hivyo, mara nyingi kosa huwa kwenye waya uliolegea, betri iliyochoka au nyaya mbili zilizobadilishana nafasi.

Matatizo haya si mageni kwa wanaounda roboti, wawe ni wanafunzi wa vilabu vya sayansi shuleni au wanaosomea uhandisi wa mekatroniki katika vyuo vikuu.

Asiyejua kutafuta kosa kwa utaratibu huishia kununua mota mpya katika maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, ilhali ile ya zamani ni nzima. Mbaya zaidi, anaweza kuunguza bodi ambayo darasa zima linaitegemea.

Roboti ya kawaida ya aina hii huwa na betri, mota mbili zenye gia, bodi ya kuongozea kama vile Arduino, na bodi ya pili inayopeleka umeme mwingi kwa mota. Bodi hii ya pili huhitajika kwa sababu ile ya kwanza hutoa mkondo mdogo mno, usioweza kuzungusha mota.

Aidha, kwenye kila gurudumu au mota huwekwa enkoda, kifaa kinachohesabu mizunguko ili roboti ijue imekwenda umbali gani na kwa kasi gani.

Kabla ya kugusa chochote, roboti yafaa iinuliwe juu ya kitabu au kipande cha mbao ili magurudumu yasiguse meza. Vilevile, waya usiunganishwe wala kuondolewa wakati swichi imewashwa.

Betri kwanza

Uchunguzi huanzia kwenye betri. Betri nne mpya za alkali za ukubwa wa AA hutoa jumla ya volti 6, kila moja ikiwa na volti 1.5. Zile za nikeli zinazochajiwa huwa na volti 1.2 kila moja, hivyo nne hutoa volti 4.8 pekee. Seli ya lithiamu iliyojaa huwa na volti 4.2, na haifai kuachwa ishuke chini ya volti 3.

Kosa la wengi ni kupima betri wakati mota zimetulia. Betri iliyochoka yaweza kuonyesha volti za kuridhisha ikiwa haina kazi, kisha ikaporomoka mara tu mota zinapoanza kuvuta umeme. Kwa hivyo, mita ya umeme iachwe kwenye ncha za betri huku mota zikizunguka.

Mota huvuta mkondo mwingi zaidi inapoanza kuzunguka au inapokwama, mara kadhaa kuliko inapozunguka bila mzigo. Volti zikishuka ghafla, bodi ya kuongozea hujizima na kujiwasha upya. Dalili yake ni roboti kutikisika, kusimama, kisha kuanza tena kazi kutoka mwanzo. Mwenye roboti hudhani programu ina kasoro, kumbe ni njaa ya umeme.

Betri ndogo ya mraba ya volti 9 huwahadaa wengi. Volti zake ni nyingi lakini haiwezi kutoa mkondo wa kutosha kuendesha mota mbili.

Vilevile, ni muhimu kukumbuka kwamba bodi ya mota ya aina ya L298N, inayotumiwa sana kwa sababu ya bei yake nafuu, hupoteza takriban volti 2 njiani. Ikipewa volti 6, mota hupata karibu volti 4 tu. Arduino Uno nayo inashauriwa ipewe volti 7 hadi 12 kupitia tundu lake la umeme.

Mota na bodi yake

Betri ikithibitishwa kuwa nzima, mota itenganishwe na bodi yake, kisha nyaya zake mbili ziguswe moja kwa moja kwenye betri yenye volti zinazoifaa. Ikizunguka, mota haina kosa na uchunguzi uhamie kwenye bodi. Isipozunguka, tazama mahali waya ulipolehemiwa. Vipande vya shaba vya mota ndogo za plastiki ni vyembamba na hukatika upesi waya unapovutwa.

Kwenye bodi ya L298N, kuna vifuniko viwili vidogo vinavyoruhusu mota kufanya kazi. Kikiondolewa kimoja bila waya wa kudhibiti kasi kuwekwa mahali pake, mota ya upande huo haitazunguka hata programu ikiwa sahihi.

Gurudumu moja likienda mbele na jingine nyuma, hakuna kilichoharibika. Mota hizo zimefungwa zikitazamana, hivyo umeme wa mwelekeo mmoja huzizungusha kinyume. Dawa ni kubadilishana nyaya mbili za mota moja.

Kosa jingine lililozagaa ni kusahau kuunganisha ncha hasi. Iwapo mota zina betri yake na bodi ya kuongozea ina yake, ncha hasi za betri hizo mbili sharti ziunganishwe. La sivyo, bodi ya mota haiwezi kutambua amri inazopewa, na roboti hufanya mambo yasiyoeleweka.

Enkoda na hatari yake

Enkoda ndiyo huwachanganya watu zaidi. Nyingi huwa na nyaya nne za kazi yake: mbili za umeme na mbili za ishara, ambazo huitwa A na B. Ishara hizo hupishana kwa robo ya mzunguko wake. A ikitangulia, gurudumu linaelekea upande mmoja. B ikitangulia, linaelekea upande wa pili.

Jaribio la kwanza hufanywa mota zikiwa zimezimwa. Gurudumu lizungushwe kwa mkono huku hesabu ikitazamwa kwenye kompyuta. Hesabu isipobadilika kabisa, chunguza nyaya za umeme. Ikirukaruka baina ya namba mbili bila kusonga mbele, yaelekea waya wa A au wa B umekatika.

Hesabu ikipungua gurudumu linapozungushwa kuelekea mbele, A na B zimebadilishana nafasi. Kosa hili huonekana dogo lakini ndilo la hatari. Programu inayodhibiti kasi hudhani roboti inarudi nyuma, hivyo huongeza nguvu kuisukuma mbele. Kadiri inavyosonga ndivyo nguvu zinavyoongezwa, hadi roboti inachomoka kwa kasi yake yote na kuanguka kutoka mezani au kugonga mtu. Ndiyo sababu ya kuinua magurudumu kabla ya majaribio.

Iwapo hesabu ni sawa kwa mkono lakini huvurugika mota zinapowashwa, tatizo ni mwingilio wa umeme wa mota. Nyaya za mota zisokotwe pamoja na kutengwa na zile za enkoda. Kapasita ya mikrofaradi 0.1 ikilehemiwa kati ya ncha mbili za mota pia husaidia.

Tahadhari nyingine ni kwamba enkoda inayotoa ishara ya volti 5 haifai kuunganishwa moja kwa moja na bodi inayotumia volti 3.3, kama Raspberry Pi. Bodi yaweza kuharibika kabisa.

Betri za lithiamu nazo zahitaji uangalifu. Ncha zake zikigusana zaweza kuwaka moto, kwa hivyo fyuzi iwekwe karibu na betri, na zisiachwe zikichajiwa bila mtu wa kuzitazama.

Hata wataalamu wakubwa hawajaepuka hitilafu za mota. Roboti Spirit ya shirika la NASA la Marekani, iliyotua kwenye sayari ya Mars Januari 2004, ilipoteza mota ya gurudumu lake la mbele la kulia Machi 2006. Kwa kuwa hakuna fundi aliyeweza kuifikia, wahandisi waliiendesha kinyumenyume ikiburura gurudumu hilo.

Mwaka 2007, mfereji uliochimbwa na gurudumu hilo bovu ulifichua udongo mweupe wenye silika nyingi, ishara kwamba zamani kulikuwa na maji moto au mvuke mahali hapo. Mawasiliano ya mwisho ya Spirit yalipokelewa Machi 2010.

Mwanafunzi wa Kenya ana bahati kwamba roboti yake iko mezani na anaweza kuigusa. Kinachohitajika ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kujaribu, na kuandika matokeo daftarini kabla ya kugusa kingine. Anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja, hata roboti ikipona, hatajua ni dawa gani iliyoiponya, na hitilafu ikirejea ataanza upya.